Hadithi za Kusikiliza kwa Mtoto Anayesoma Silabi kwa Silabi

Mpe mtoto wa Gredi ya Pili sentensi hii aisome kwa sauti: "Hakumkuta babu yake pwani." Wapo wengi, iwe ni Kisauni, Likoni au Changamwe hapa Mombasa, watakaoisoma hivi: ha... ku... m... ku... ta... ba... bu... Herufi hata moja hawajakosea. Sasa muulize mmoja wao kama babu alionekana au hakuonekana. Atakutazama, kisha atabahatisha, kwa sababu ile "ha" ya mwanzo iliyobeba habari yote ilishamtoka kichwani kabla hajaifikia "ta".

Mtoto huyu silabi anazijua. Alichokosa ni ufasaha, na ndiye anayefaidika na hadithi zilizorekodiwa kuliko mwingine yeyote darasani. Lakini kuna jambo la kuliweka wazi mapema, maana ndilo linalowapoteza walimu wengi wenye nia njema: kusikiliza hadithi peke yake hakumfundishi mtu kusoma. Kunampa msamiati, kunamwonyesha hadithi inavyojengwa, na kunatuliza darasa la watoto 60 mchana wa joto. Yote hayo ni mema. Ufasaha, hata hivyo, unakuja pale sauti inapokutana na maandishi machoni mwa mtoto, mdomo wake nao ukafanya kazi, kifungu kilekile kikarudiwa, na mwishowe sauti ikaondolewa akabaki yeye na karatasi.

Ufasaha una mambo matatu ndani yake

La kwanza ni usahihi, yaani kusoma kilichoandikwa. La pili ni kasi. La tatu ni lile ambalo madarasani halipimwi sana: kusoma kwa mafungu yenye maana, kupumua panapostahili, na kupandisha au kushusha sauti kama anavyofanya mtu anayezungumza. Mtoto anaweza kuwa na mawili ya kwanza akakosa la tatu. Utamsikia anakimbia maneno 50 kwa dakika kama anayesoma orodha ya bei, nukta anazirukia kama hazipo.

Kwa nini kasi ina uzito? David LaBerge na S. Jay Samuels walilieleza hili mwaka 1974: uangalifu wa akili una kikomo. Ukitumika wote kutambua herufi na kuunganisha silabi, haubaki wa kuelewa. Maneno yakishatambulika yenyewe bila kufikiriwa, akili inaachiliwa ishughulike na maana. Mwaka 1979 Samuels akapendekeza dawa iliyo rahisi mno: kifungu kifupi kisomwe tena na tena mpaka kilainike, kisha mtoto ahamie kingine. Miaka mitatu kabla yake, Carol Chomsky wa Harvard alikuwa amewajaribu watoto watano wa darasa la tatu nchini Marekani waliokuwa hivyohivyo: herufi wanazijua, kusoma hakuendi. Aliwapa vitabu pamoja na kanda zake, wakasikiliza huku wakifuata maandishi, wakarudia mpaka wakaweza kusoma kitabu bila kanda. Kitabu cha kwanza kiliwachukua muda mrefu; vilivyofuata vikachukua muda mfupi zaidi. Na mwaka 2000 jopo la taifa la Marekani kuhusu usomaji lilipopitia tafiti nyingi, lilikubali kwamba kusoma kwa sauti kwa kurudia, penye mtu wa kuongoza, kunaongeza ufasaha.

Kiswahili kina shida yake, na si ile ya Kiingereza

Ushauri mwingi kuhusu hadithi za sauti umeandikwa kwa ajili ya madarasa ya Kiingereza, na ukiuchukua mzimamzima utapotea. Kiingereza hakisomwi kama kinavyoandikwa, kwa hiyo huko kazi kubwa ya rekodi ni kumwambia mtoto neno linatamkwaje. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishajua silabi zake, na akatofautisha "ng" ya ngoma na "ng'" ya ng'ombe, anaweza kulitamka neno lolote hata kama halijui. Hahitaji kuambiwa matamshi.

Kinachomchosha ni urefu wa maneno. "Hakumkuta" ni neno moja lenye silabi tano, na ndani yake mna ukanushi, wakati, aliyetenda na aliyetendewa. Kwa Kiingereza wazo hilo ni maneno matano. Ndiyo sababu viwango vilivyotumika nchini Kenya katika Tusome, mpango wa kufundisha kusoma ulioingia shule za msingi za umma mwaka 2015, havikulinganisha lugha hizi mbili. Msomaji fasaha wa Kiswahili alihesabiwa kuwa yule anayesoma maneno 45 sahihi kwa dakika, na wa Kiingereza 65. Anayeanza kuchipukia alikuwa na maneno 17 kwa Kiswahili na 30 kwa Kiingereza. Mzazi akikuta mtandaoni jedwali la Kiingereza akampima nalo mwanawe kwa Kiswahili, atalia bure.

Kwa hiyo rekodi ya Kiswahili ina kazi mbili: kumsikilizisha mtoto neno refu likitoka kwa pumzi moja, na kumwonyesha fungu la maneno linaanzia wapi na kuishia wapi. Rekodi isiyofanya hayo mawili ni burudani.

Nani aanze nayo, na nani asubiri

Kabla ya kuwasha spika, msikilize kila mtoto kwa dakika moja akisoma kifungu kipya. Kama katika kila maneno kumi anapata tisa, hata kwa kujikokota, yuko tayari. Kama anapata sita au saba, kifungu kimemzidi. Tafuta chepesi zaidi. Na kama bado anakwama kwenye silabi zenyewe, haoni tofauti ya "mba" na "ba", au anasoma maneno matano kwa dakika, hadithi ya sauti haitamsaidia kusoma kwa sasa. Huyo arudi kwenye silabi kila siku, na hadithi azisikilize kama hadithi.

Hapa kuna mtego ambao Mombasa unatega sana. Watoto wengi hapa wana uzoefu mkubwa wa kuhifadhi kwa sikio. Aliyelelewa chuoni, yaani madrasa, anajua kuisikiliza aya na kuirudisha neno kwa neno; mwenzake wa kwaya ya kanisani hali kadhalika. Kipaji hicho ni cha kuonewa fahari, lakini darasani kinaweza kumficha mtoto. Akisikiliza kifungu cha maneno 60 mara tatu, mara ya nne atakighani chote huku macho yako dirishani, na mwalimu ataandika kwenye daftari kwamba mtoto anasoma vizuri. Tutarudi kwenye namna ya kumgundua.

Kifungu chenyewe

Kwa Gredi ya Pili, maneno 60 hadi 80 yanatosha kwa wiki. Gredi ya Tatu wanaweza kupewa 100 hadi 150. Hadithi ikiwa ndefu, kata kifungu kimoja cha kufanyia mazoezi na iliyobaki wasikilize tu. Huu ni mfano wa mwanzo wa kifungu, ukiwa umewekwa alama za pumzi kama unavyopaswa kuwa mikononi mwa anayerekodi:

Asubuhi na mapema / Mwanamvua alikwenda pwani / kumtafuta babu yake. // Hakumkuta. // Aliwakuta wavuvi watatu / wakishona nyavu / chini ya mkungu. //

Mkwaju mmoja ni pumzi fupi, miwili ni ya nukta. Alama hizi zimwongoze anayerekodi, na kwenye nakala ya watoto zionekane siku mbili za mwanzo tu. Zikikaa wiki nzima watoto watasoma mikwaju badala ya maana.

Maandishi ya kutumia yapo. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi fupi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi. StoryWeaver ya Pratham Books ya India nayo inazo. Leseni zao za wazi zinaruhusu kunakili na kurekodi mradi utaje mwandishi, mchoraji na mahali ulipoitoa, na kutaja huko kufanyike kwenye rekodi yenyewe, mwishoni. Kitabu cha kiada cha mchapishaji ni habari nyingine: kukisomea watoto wako darasani hakuna neno, lakini kukirekodi na kukisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ya shule kumi kunahitaji idhini.

Kurekodi kwa simu

Simu ya kawaida inatosha. Kinachoharibu rekodi nyingi ni chumba. Sakafu ya vigae na kuta za mawe zinarudisha mwangwi, na mwangwi huo ukichezwa tena ndani ya darasa lenye mwangwi wake, konsonanti zinapotea: "pa" na "ba" haziachani. Rekodi chumba cha kulala chenye godoro, pazia na nguo zilizotundikwa. Leso mbili tatu ukutani nyuma ya simu zinasaidia. Zima feni. Usitegemee alfajiri kuwa kimya, maana kunguru wa Mombasa wanaanza na mwanga wa kwanza na tuktuk haziko mbali nyuma yao. Usiku baada ya saa nne ni afadhali. Iweke simu kwenye hali ya ndege. Iwe umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, na iwe pembeni kidogo, si mbele moja kwa moja, ili pumzi za "p" na "b" zisipige maikrofoni. Kwanza rekodi sekunde kumi za kimya uzisikilize. Utasikia friji ya jirani ambayo sikio lako lilishaizoea.

Kasi ndiyo inayokosewa zaidi. Mtu mzima akisoma kwa mwendo wake wa kawaida, macho ya mtoto anayesoma maneno 30 kwa dakika yanaachwa nyuma kwenye sentensi ya pili, na hapo anaacha kufuata na kubaki anasikiliza. Mpime mtoto wa katikati katika kundi, kisha rekodi kwa kasi iliyozidi yake kwa theluthi hadi nusu. Wa maneno 30 anahitaji rekodi ya 40 hadi 45. Kifungu cha maneno 80 kikisomwa kwa kasi ya 60 kinachukua dakika moja na sekunde 20. Tumia saa, usikisie.

Na ukitaka kupunguza kasi, punguza kwa kurefusha pumzi kati ya mafungu. Usirefushe maneno. "Alikweeenda pwaaani" inamfundisha mtoto kuvuta, na watoto ni waigaji hodari kuliko tunavyotaka. Vivyo hivyo kile kitufe cha kupunguza kasi kwenye simu: kinanyoosha irabu na kuifanya sauti ya mtu iwe kama ya mgonjwa. Rekodi ikishuka chini ya maneno 40 kwa dakika hata pumzi hazisaidii tena, kifungu kinakatika vipande; mtoto anayehitaji rekodi ya polepole hivyo afanye mtindo wa kurudishia, tutakaoueleza.

Soma kilichoandikwa, neno kwa neno. Msimuliaji mzuri wa hadithi mara nyingi ni mrekodi mbaya, kwa sababu ulimi wake unaongeza "basi bwana" na "hapo sasa" bila yeye kujijua. Kila neno la ziada linakitoa kidole cha mtoto kwenye mstari. Paukwa na pakawa ziwepo, watoto wanazipenda na zinakusanya darasa, lakini ziwe kabla ya maandishi kuanza, halafu useme: "Weka kidole chini ya neno Asubuhi." Nyamaza sekunde tatu. Ndipo uanze. Ukurasa ukibadilika, sema "fungua ukurasa" na unyamaze tena sekunde tatu. Muziki wa chini uache kabisa.

Toa matoleo mawili ya kila kifungu: la kufuatisha, ambalo sauti haikatiki, na la kurudishia, ambalo kila fungu linafuatwa na ukimya wa kumtosha mtoto kulisoma. Fungu la sekunde mbili liachiwe sekunde nne hivi. Njia rahisi ya kupima ni kulisoma tena moyoni polepole kabla ya kuendelea.

Kuhusu faili: spika nyingi ndogo za memori kadi zinazouzwa mjini hazisomi aina ya faili ambayo simu inahifadhi yenyewe, kwa hiyo geuza ziwe MP3. Audacity ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo kwenye kompyuta. Mkondo mmoja wa sauti wa kilobiti 64 kwa sekunde unatosha kwa usemaji. Hapo dakika moja inachukua takriban kilobaiti 480, na memori kadi ya gigabaiti 8 inabeba zaidi ya hadithi 3,000 za dakika tano. Majina ya faili yaanze na 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, spika nyingi zitacheza 10 kabla ya 2. Nyingine hazijali jina hata kidogo, zinafuata mpangilio wa kunakiliwa, kwa hiyo nakili moja moja kwa zamu.

Darasani

Spika ikae katikati ya chumba juu ya dawati. Ikikaa mbele, wa mbele wanapigiwa kelele na wa nyuma wanasikia mwangwi, na kuongeza sauti kunaongeza mwangwi vilevile. Spika ndogo ikifika mwisho wa sauti yake inaanza kukwaruza. Mvua ya masika ikianza kupiga mabati, zima. Hakuna spika ya bei ya shule itakayoshindana nayo, na dakika hizo ni nzuri kwa kusoma wawili wawili, midomo karibu na masikio.

Nakala ndiyo kitu cha kugharamia kabla ya spika. Kitabu kimoja kwa watoto watano maana yake wawili wanasoma, mmoja anaona ukurasa ubavuni na wawili wanauona juu chini. Kama nakala hazitoshi, andika kifungu kwenye karatasi za manila kwa kalamu nene, herufi zenye kimo cha sentimita 4, maneno matano kwa mstari. Maneno 80 yanaingia kwenye manila mbili. Zikunjwe vizuri zitumike na darasa la mwaka ujao. Chumvi ya hewa ya hapa inakula waya na matundu ya hedifoni, karatasi haili.

Hedifoni zenyewe ni nzuri kwa kundi dogo la watoto wanne watano, lakini kwa darasa la 60 ni mradi wa kutengeneza waya kila Ijumaa. Kigawanyo kimoja chenye matundu matano kinapunguza sauti kila mtoto anapojichomeka, na mmoja mwenye waya mbovu anaweza kuwaharibia wenzake wote. Spika moja na kifungu kimoja vinafanya kazi ileile.

Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Hadithi ya sauti ichukue kumi, siku tano mfululizo.

Jumatatu wasikilize bila kuona maandishi, mara moja, wajibu maswali mawili ya maana: nani alitafutwa, na alipatikana? Siku hii ni ya kuelewa, ili kesho akili isihangaike na hadithi.

Jumanne maandishi yatoke. Rekodi ya kufuatisha ichezwe mara mbili, watoto kimya, kidole chini ya kila neno. Hapa ndipo mwalimu anafanya kazi kubwa kuliko spika. Pita katikati ya madawati uangalie vidole. Kisha, bila kuonya, simamisha rekodi katikati ya sentensi na uulize: "Neno gani linafuata?" Anayefuata kweli atalisoma. Aliyekuwa akisikiliza tu ataangalia dari. Fanya hivyo mara tatu katika kifungu na utajua darasa lako lilipo bila mtihani wowote.

Jumatano ni ya kurudishia. Spika inasema "kumtafuta babu yake", watoto wanasoma "kumtafuta babu yake" kwa mwendo na kiimbo kilekile. Wasiachiwe kuimba kwa pamoja darasa zima kila mara, kwa sababu sauti nane zenye nguvu zinawabeba 52 wengine. Safu ya dirishani irudishie, kisha ya mlangoni, kisha wavulana wenye viatu vyeusi, lolote la kuwagawa. Na kuanzia siku hii kijiti cha mwalimu kwenye manila kiache kugonga neno baada ya neno. Kiteleze chini ya fungu zima kwa mkupuo mmoja. Kidole kinachogonga kila neno kinasaidia siku ya kwanza, kikiendelea kinamfunga mtoto kwenye mwendo wa kugongagonga.

Alhamisi rekodi ichezwe mara moja, watoto wakisoma nayo kwa sauti ya chini, kisha izimwe. Wasome wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kidole na kumsahihisha, halafu wabadilishane. Mchanganye anayejiweza na aliye nyuma yake kidogo tu. Ukimweka bingwa na anayekwama, bingwa atasoma zamu zote mbili.

Ijumaa hakuna spika. Kuna karatasi, mtoto na saa. Siku hii ndiyo inayorukwa, kwa sababu haina shangwe na inachukua muda, lakini bila hiyo nne za kabla hazijulikani zimefanya nini. Huwezi kuwapima 60 kwa siku moja. Pima 12 kila Ijumaa na kila mtoto atafikiwa mara moja kwa wiki tano.

Kumgundua aliyehifadhi

Njia ya haraka ni kumwanzisha katikati: mwonyeshe "Aliwakuta" na umwambie asome kuanzia hapo. Aliyehifadhi atarudi mwanzo kimyakimya ili apate mkondo, utaiona midomo yake ikicheza. Njia ya uhakika ni kifungu cha pili kilichotungwa kwa maneno yaleyale, yamebadilishwa nafasi:

Wavuvi watatu walikwenda pwani kumtafuta Mwanamvua. Walimkuta chini ya mkungu akishona nyavu za babu yake.

Anayesoma atakisoma, polepole kidogo kuliko kile cha wiki. Aliyehifadhi atasema "alikwenda" badala ya "walikwenda", na akifika kwenye "Walimkuta" atasema "Aliwakuta wavuvi watatu" kwa kujiamini kabisa. Kutunga kifungu kama hiki ni kazi ya dakika tano, na ni kipimo bora kuliko kusikiliza kile cha rekodi mara kumi.

Wakishazoea, kuna mchezo mwingine wenye faida: mwalimu asome mwenyewe, bila spika, abadilishe neno moja kwa makusudi, "wavuvi wanne" badala ya "watatu", na mtoto atakayelinasa ainue mkono. Usiufanye zaidi ya mara moja kwa wiki. Ukizidi, wanaacha kuiamini sauti na kuanza kuiwinda.

Ndia na njia

Maandishi ya shule yanafuata Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake uliochaguliwa ni Kiunguja. Nyumbani, Mji wa Kale na kwingineko, mtoto anasikia Kimvita: ndia (njia), nti (nchi), mato (macho), ndoo hapa (njoo hapa). Haya yana matokeo mawili darasani. Anayerekodi akisoma "ndia" wakati karatasi inasema "njia", mtoto anasikia kisichoandikwa, na kazi yote ya kuunganisha sikio na jicho inavurugika. Kwa hiyo rekodi ya mazoezi ifuate karatasi. Lafudhi ya Mombasa haina ubaya wowote, na kwa kweli sauti ya mtu wa hapahapa inafuatwa na watoto kwa urahisi kuliko ya mtangazaji wa Nairobi.

Upande wa pili, mtoto akiona "njia" akasoma "ndia" bila kusita, usimhesabie kosa la kusoma. Ameliona neno, amelielewa, na amelitamka kwa ulimi wa kwao. Mwonyeshe tofauti baadaye, wakati saa haihesabu. Ngano za bibi kwa Kimvita kitupu zisikilizwe kwa wingi, siku nyingine, bila karatasi.

Kuhesabu na kuamua

Kipimo cha dakika moja: mtoto asome, weka mkwaju alipofika, toa makosa. Akifika neno la 38 akiwa na makosa matano, ana maneno 33. Kosa la kiambishi ni kosa kamili. "Alimkuta" mahali pa "Hakumkuta" ni herufi chache tu, lakini hadithi imegeuka. Akijisahihisha mwenyewe, usihesabu.

Kando ya namba hiyo andika moja hadi nne ya mafungu, kwa mfano wa kipimo kilichotumika Marekani katika tathmini ya taifa ya NAEP: moja ni anayesoma neno kwa neno, mbili ni mafungu ya maneno mawili, tatu ni mafungu ya matatu manne yanayoheshimu sentensi, nne ni anayesoma kama anayesimulia. Kwa Kiswahili, ambapo neno moja ni zito, ngazi ya tatu ni nzuri sana kwa Gredi ya Tatu.

Pima mara mbili: kifungu cha wiki, na kifungu ambacho hajawahi kukiona wala kukisikia. Cha wiki kitapanda haraka na kumfurahisha kila mtu, na ni haki wafurahi. Lakini namba ya kuamulia ni ile ya kifungu kipya. Ikiwa cha wiki kinapanda na kipya hakisogei baada ya vifungu vitano sita, kuna moja kati ya matatu: anahifadhi, vifungu ni vigumu mno, au vinatofautiana mno kiasi kwamba hakuna neno linalorudi. Ikiwa vyote viwili havisogei, mpeleke akapimwe macho na masikio kabla hujamwita mzito. Mtoto asiyesikia vizuri upande mmoja anaweza kukaa mwaka mzima akionekana mtundu.

Kasi ya kifungu kipya ikifika 45 na mafungu yakafika ngazi ya tatu, muondoe kwenye rekodi. Akiendelea nayo ataizoea na kusubiri kuongozwa. Huyo sasa anaweza kupewa kazi ya kuwarekodia wadogo zake wa Gredi ya Kwanza: kifungu cha maneno 40, mikwaju aiweke mwenyewe, arekodi, kisha asikilize akiwa na karatasi mkononi na kalamu, akitafuta neno lolote alilosema ambalo halikuandikwa.